Pikapu za Gitaa la Mjomba, na Fedha Niliyopoteza Nikitafuta Sauti ya Zamani

Mjomba wangu alipofariki mwaka 2013, watoto wake walinikabidhi gitaa lake kwa sababu katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa napiga solo. Lilikuwa Fender Stratocaster zito, la rangi ya mbao, lenye shingo iliyokazwa kwa skrubu tatu badala ya nne, ambalo yeye alilinunua kwa baharia mmoja bandarini Dar es Salaam na kulipiga katika muziki wa dansi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipofungua plastiki ya mbele nilikuta kwenye mgongo wa kidhibiti cha sauti tarakimu 1377512, nikazipuuza. Baadaye nilifundishwa kuzisoma: 137 ni namba ya kiwanda kilichotengeneza kidhibiti hicho, 75 ni mwaka 1975, na 12 ni wiki ya kumi na mbili. Mtu yeyote anayeuziwa gitaa la zamani aanzie hapo, kwa maana gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kidhibiti ambacho hakijawahi kubadilishwa, na lehemu iliyoguswa na fundi wa mtaani hujulikana kwa macho.

Ninaandika haya kuhusu pikapu, kile kipande kilicho chini ya nyuzi ambacho hugeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme. (Mama yangu, aliposikia nimetumia dola mia tisa kununua pikapu iliyotumika, aliniuliza nimeiegesha wapi.) Muundo wake ni mwepisi kuliko watu wanavyodhani: kuna sumaku, na kuzunguka sumaku kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huivuruga nguvu yake, na mvurugo huo huamsha umeme mdogo ndani ya koili. Hakuna jambo jingine. Hata hivyo, aina ya sumaku, unene wa waya, idadi ya mizunguko, na hata rangi inayoufunika waya ili usigusane na mwenzake, vyote vilibadilika mwaka hadi mwaka katika viwanda vya Marekani, na kila badiliko liliacha alama katika sauti. Mimi nilijifunza hayo kwa kuharibu kwanza.

Mwaka 2015 pikapu iliyo karibu na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa, ilinyamaza katikati ya onyesho. Nilimpelekea fundi wa amplifaya niliyemheshimu sana, mtu mzima aliyewahi kumhudumia mjomba mwenyewe. Aliweka mita kwenye nyaya mbili za pikapu, sindano haikusogea, akasema koili imekatika na dawa yake ni kuizungusha upya. Hapo ndipo nilipotamka maneno ninayoyajutia hadi leo: “Fundi, kama unaizungusha upya, basi uiongezee nguvu.” Alikata waya wote wa zamani kwa wembe, akautupa, akazungusha mwingine alioutoa katika kifaa kingine. Alinitoza shilingi 80,000. Aliponionyesha mita ikisoma kilo-omu 11.4, na nikakumbuka kwamba pikapu nyingine mbili zilisoma chini ya 6, nilitoka dukani nikiamini kwamba nimepata pikapu yenye nguvu maradufu.

Jioni ile ile nilijua kwamba kuna kitu kimeondoka. Noti za juu, zile ambazo mjomba alizifanya zilie kama kengele, zilikuwa zimefunikwa na blanketi. Kulikuwa na tatizo la pili ambalo sikulielewa kabisa. Gitaa hilo lina swichi ya nafasi tatu, kwa kuwa swichi ya nafasi tano ilianza kuwekwa kwenye Stratocaster mwaka 1977, na mjomba, kama wapigaji wengi wa enzi zake, alikuwa akiiegemeza swichi katikati ya nafasi mbili ili pikapu mbili zilie pamoja na kutoa ile sauti laini yenye uwazi inayofaa sana kwa rizimu na kwa solo ya taratibu. Nilipofanya hivyo sasa, sauti ilinywea na kuwa nyembamba kama ya redio ndogo iliyomaliza betri. Nilidhani amplifaya imekufa, nikaitengeneza bure. Nilipiga hivyo kwa miaka miwili, nikifidia kwa kuongeza sauti za juu kwenye amplifaya mpaka mpiga besi wetu akawa anakunja uso.

Mwaka 2017 nilihamia Grand Rapids, Michigan, ambako dada yangu alikuwa ametangulia. Mji huo una Wakongo wengi wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kivu, na Jumapili ya pili tu nilijikuta nimesimama kwenye jukwaa la kanisa nikipiga sebene kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Mpiga besi wa pale alinisikiliza kwa nyimbo mbili kisha akaniambia, “Kaka, mkono wako ni mzuri, lakini gitaa lako lina mafua.” Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja Mmarekani, mstaafu, anayetengeneza magitaa katika chumba cha chini cha nyumba yake huko Kalamazoo, mwendo wa chini ya saa moja kuelekea kusini. Kwa wasioufahamu mji huo, ndipo kilipokuwa kiwanda cha Gibson, katika mtaa wa Parsons, mpaka kilipofungwa mwaka 1984 na kazi yote kuhamia Nashville. Nilikuwa nimefika chanzoni mwa mto bila kujua.

Mzee yule hakushangazwa na namba ya 11.4. Aliitoa pikapu, akaitazama kwa lenzi, akanieleza jambo ambalo laiti ningelijua mapema ningeokoa fedha nyingi: mita hupima ukinzani wa waya, haipimi sauti. Ukinzani hupanda kwa sababu mbili tofauti, ama mizunguko imeongezeka, ama waya ni mwembamba zaidi. Fundi wangu alikuwa ametumia waya mwembamba kuliko ule wa asili, hivyo namba ilipaa, ilhali nguvu ya pikapu haikupanda kwa kiasi hicho. Halafu mizunguko ile michache iliyozidi ilikuwa imeshusha kilele cha masafa ya koili. Kila koili ina mahali fulani katika sauti za juu inapoitikia kwa nguvu zaidi, na juu ya hapo hufifia haraka. Ukizidisha mizunguko, mahali hapo hushuka, na mng’ao huondoka. Hii ndiyo sababu pikapu “yenye nguvu” huwa na kiza. Sauti ile nyembamba ya kuchanganya pikapu mbili nayo ilikuwa na asili rahisi mno: koili ilikuwa imeunganishwa kinyume na wenzake, hivyo moja iliposukuma nyingine ilivuta. Mzee aligeuza nyaya mbili, akazilehemu, na ugonjwa niliokuwa nao kwa miaka miwili ukaisha kwa dakika tano.

Bado kulikuwa na jambo la tatu. Sumaku mbili kati ya sita zilikuwa zimepungukiwa nguvu. Mzee aliniuliza kama pikapu ilikuwa imewekwa karibu na spika, nami nikakumbuka meza ya fundi, iliyojaa spika zilizofunguliwa matumbo. Sumaku za alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, haziishiwi nguvu kwa uzee peke yake kama watu wanavyosimuliana. Zinachopoteza hasa hukipoteza zinapokutana na sumaku nyingine kali. Usiweke pikapu mezani penye spika, hata kwa usiku mmoja.

Kabla ya kukubali kuizungusha upya, mzee alinikalisha. Alikuwa na magitaa manne ambayo alitaka niyasikie kwa amplifaya moja, kebo moja, bila kifaa chochote katikati, na yote nipige kipande kilekile. Ninakaa hapa kidogo kwa sababu saa tatu zile zilinifundisha zaidi ya yote niliyokuwa nimeyasoma.

Alianza na Stratocaster ya mwaka 1962. Koili zake zilikuwa za waya uliofunikwa kwa Formvar, ambao ni kizio kinene chenye rangi ya shaba inayong’aa, na ulizungushwa huku mkono wa mfanyakazi ukiuongoza waya. Mkono wa binadamu hautulii, kwa hiyo nyaya hazikulala zimepangana kama nyuzi za cherehani, bali zilitawanyika. Kizio kinene pamoja na mtawanyiko huo viliacha nafasi ndogo ndogo kati ya mzunguko na mzunguko, na nafasi hizo huiruhusu koili ipitishe sauti za juu zaidi. Niliposikia, nilielewa neno “hewa” ambalo wapigaji hulitumia bila kulifafanua: noti ilikuwa kali bila kuchoma, na baada ya kuigonga kulikuwa na kitu kama pumzi kilichobaki. Kasoro yake niliisikia vilevile, na sijaona wengi wakiitaja. Sumaku za pikapu zile zimepishana kimo, na ile ya uzi wa tatu imeinuliwa sana, kwa kuwa Stratocaster ilipoanza kutengenezwa mwaka 1954 uzi wa tatu ulikuwa wa kuviringishwa, ambao sauti yake ilikuwa dhaifu. Sisi leo tunatumia uzi wa tatu mtupu, usioviringishwa, na uzi huo ulikuwa ukipiga kelele kuliko ndugu zake wote. Katika sebene, ambako vidole hupita nyuzi tatu za chini mfululizo, kelele hiyo huvunja mstari.

Ya pili ilikuwa Stratocaster ya mwaka 1966, yaani mwaka mmoja baada ya kampuni ya CBS kuinunua Fender mnamo Januari 1965. Chini ya pikapu, kibao kilichokuwa cheusi hadi mwaka 1964 kilikuwa sasa cha kijivu, na waya ulikuwa wa enameli ya kawaida, wenye rangi iliyokoza inayoelekea zambarau. Kizio chake ni chembamba zaidi na mizunguko imepungua kidogo. Kwa masikio yangu ilikuwa nyembamba na kavu zaidi kuliko ile ya kwanza, isiyo na nyama ya katikati, lakini kwa rizimu ya haraka ilikata kama wembe mpya. Mzee alisema watu hulipia maelfu ya dola zaidi kwa ile nyeusi. Nilimwambia kwamba kwa kazi ya mpiga rizimu katika bendi yenye magitaa matatu, ningechukua ya kijivu bila kufikiri mara mbili, naye alicheka akasema hilo nisilitangaze ili bei isipande.

Ya tatu ilikuwa Gibson Les Paul Junior ya mwaka 1956, yenye pikapu moja tu, P-90. Aina hiyo Gibson waliianza mwaka 1946, na ndani yake sumaku si vijiti sita vilivyosimama chini ya nyuzi, bali ni vipande viwili bapa vilivyolazwa chini ya koili, na nguvu yake hupandishwa kwa skrubu sita za chuma. Koili yenyewe ni pana, fupi, ya mizunguko kama elfu kumi. Sauti yake haifanani na ya Fender hata kidogo: ni nene katikati, ina ukwaruzo kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, na ukipunguza kidhibiti kidogo ukwaruzo hugeuka kuwa utamu. Nilitamani kuondoka nayo. Ila ilivuma, taa za chumba kile zilitosha kuifanya ingurume hata nilipoacha kupiga, na nilipowaza mfumo wa umeme wa kumbi nilizozoea nyumbani, nikajua tusingepatana.

Mngurumo huo ndio uliomfanya Seth Lover, mhandisi wa Gibson papo hapo Kalamazoo, atengeneze pikapu ya koili mbili, ile inayoitwa hambaka. Koili moja imeunganishwa kinyume cha nyingine na kila moja inatumia ncha yake ya sumaku, hivyo sauti za nyuzi hujumlishana ilhali mngurumo wa nje hujifuta wenyewe. Ombi la hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, liliwasilishwa Juni 22, 1955, pikapu zikaanza kuwekwa kwenye magitaa mwaka 1957, na hataza ikatolewa Julai 28, 1959. Katika miaka hiyo ya kusubiri, pikapu zilianza kubandikwa karatasi ndogo nyeusi yenye maneno ya kueleza kwamba hataza imeombwa, na karatasi hiyo iliendelea kubandikwa hadi kama mwaka 1962. Leo karatasi hiyo ndiyo inayouza. Kilichonivutia mimi ni kwamba pikapu za kipindi hicho hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Sumaku zilikuwa alniko ya namba mbili, tatu, nne au tano, kutegemea iliyokuwapo siku hiyo, na mizunguko ya koili haikuwa sawa, kwa hiyo utakuta moja inasoma kilo-omu 7 na nyingine karibu na 9. Koili mbili za pikapu moja zikipishana mizunguko, hazifutani kikamilifu, na ile tofauti inayobaki huipa sauti meno. Sauti inayoabudiwa duniani kote ilitokana kwa sehemu kubwa na uzembe wa ghala na uchovu wa wafanyakazi.

Gitaa la nne lilikuwa Gibson SG ya mwaka 1970, yenye hambaka za enzi iliyofuata. Kufikia hapo mashine zilihesabu mizunguko zenyewe, sumaku ilikuwa ni alniko namba tano, fupi, na karibu kila pikapu ilisoma kilo-omu 7.5. Juu ya plastiki ya koili kumechorwa herufi T, na ndiyo sababu wakusanyaji huiita kwa herufi hiyo. Wanaopenda enzi ya kwanza huzidharau. Mimi nilizikuta safi, kali, zenye kutenganisha noti vizuri hata nyuzi nyingi zinapopigwa kwa pamoja.

Nilitoka pale nikijiona msomi, na msomi wa siku moja ni mtu wa hatari kwa mfuko wake mwenyewe. Nyumbani nilikuwa na gitaa la pili, la bei nafuu, lenye hambaka mbili zisizo na uhai. Wiki mbili baadaye nilimwona muuzaji mtandaoni aliyetangaza hambaka ya “mwanzoni mwa miaka ya sitini” yenye karatasi ya namba ya hataza, kwa dola 900. Nilijua kwamba karatasi ya namba ilifuata ile ya maombi. Nilijua hata kisa chake cha kuchekesha, kwamba namba iliyochapwa, 2,737,842, si ya pikapu kabisa bali ni ya hataza ya mpiga gitaa Les Paul mwenyewe kuhusu kishikio cha mkia wa nyuzi. Nilichokosa kujua ni kwamba karatasi ileile yenye namba ileile ya makosa iliendelea kubandikwa hadi katikati ya miaka ya sabini. Nililipa. Mzee alipoinua kifuniko cha chuma, herufi T ilikuwa inanitazama. Ilikuwa pikapu halali ya Gibson, nzima, lakini ya enzi ya SG niliyoipiga mwezi uliopita, na thamani yake haikufika hata theluthi ya nilichotoa. Muuzaji alijibu kwamba hakuwahi kutaja mwaka kamili, na kwa maneno yake ya tangazo alikuwa sahihi.

Kwa anayetaka kununua, basi, karatasi isikudanganye. Mwombe muuzaji picha ya upande wa chini, picha ya lehemu ya kifuniko, na kama kifuniko kimeshafunguliwa, picha ya koili na ya rangi ya waya. Asipokubali, mwache. Na kabla ya kulipia umri jiulize kama unanunua sauti au historia, kwa sababu historia ndiyo yenye bei kubwa zaidi ya hizo mbili.

Nilipoiweka pikapu ile kwenye gitaa langu, ilikuwa na kiza, nami kwa hasira nikaamua kwamba pikapu za T ni mbovu kama wasemavyo. Kosa lilikuwa langu tena. Nilikuwa nimebadilisha vidhibiti na kuweka vya kilo-omu 250, vilivyobaki kutoka kazi ya Stratocaster, wakati hambaka huwekewa vya 500. Kidhibiti cha thamani ndogo humwaga sauti za juu ardhini hata kikiwa kimefunguliwa chote. Nilinunua viwili vya 500 kwa dola 18 na pikapu ikafumbua macho. Kebo ilinifanyia mchezo huohuo: katika chumba cha mzee tulitumia kebo ya mita tatu, kanisani natumia ya mita kumi, na kila mita ya kebo huongeza uwezo wa kuhifadhi chaji ambao hushusha kile kilele cha masafa nilichokitaja. Pikapu mbili za enzi mbalimbali zinaweza kutofautiana kidogo kuliko pikapu moja yenye kebo mbili.

Aibu kubwa kuliko zote ilinipata Januari. Nilikuwa na daftari ambamo, tangu Dar es Salaam, niliandika usomaji wa kila pikapu, na ile ya shingoni ilikuwa 5.9. Siku moja ya baridi kali, katika chumba kile cha chini, niliipima nikapata 5.55. Nilinyamaza, lakini moyoni nilishamhukumu mzee kwamba ameibadilisha pikapu ya mjomba na kuweka nyingine. Niliendesha gari hadi nyumbani nikipanga maneno ya kumkabili. Dada yangu, ambaye hajui lolote kuhusu magitaa ila anafundisha fizikia, ndiye aliyeniuliza kama nilipima katika joto lilelile. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka nyuzi joto 32 za Dar es Salaam hadi 16 za chumba kile, 5.9 inapaswa kuwa 5.55 hasa. Nilifunga daftari. Sikumwambia mzee, na kila anaponikaribisha kahawa ninakumbuka.

Tuliizungusha upya pikapu ya daraja mwezi Machi, kwa waya wa namba 42 wenye enameli, ambao unene wa shaba yake ni kama milimita 0.06, mizunguko 7,600. Alizirudishia sumaku zile mbili nguvu, akaichovya koili katika nta ya moto ili nyaya zisitikisike na kupiga mluzi karibu na amplifaya. Ilisoma 5.7. Alinitoza dola 95. Pikapu za Stratocaster za kuanzia katikati ya miaka ya sabini zina sumaku za kimo kimoja, jambo ambalo wakusanyaji hulihesabu kuwa dalili ya kushuka kwa ubora, lakini kwa uzi wa tatu mtupu usawa huo ndio ninaoutaka, na mjomba, aliyepiga nyuzi nyembamba maisha yake yote, bila shaka alilisikia hilo kabla yangu. Kilichobaki kilikuwa kimo. Sumaku ikikaribia sana uzi huuvuta, na noti za juu hutetemeka kama zimetoka nje ya tuni. Bonyeza uzi kwenye kizuizi (freti) cha mwisho cha shingo, anza na nafasi ya milimita 2.4 kati ya uzi na sumaku upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba, kisha shusha taratibu huku ukisikiliza. Kazi hii haina gharama yoyote, nami niliifanya mwisho ilhali ilipasa kuwa ya kwanza.

Mwaka 2021 pikapu ya katikati nayo ilinyamaza. Mita haikusogea, kama ile ya kwanza. Safari hii sikusema lolote kuhusu nguvu. Mzee alichukua lenzi, akatazama chini ya kibao mahali ambapo ncha ya waya wa koili hutoka na kulehemiwa kwenye pete ndogo ya chuma, akanionyesha: waya ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani milimita moja tu kabla ya pete. Miaka mingi ya hewa ya chumvi na jasho. Alivuta ncha iliyobaki kwa sindano, akaidondoshea tone la lehemu, na mita ikasoma 5.6. Koili ya mwaka 1975 ilikuwa nzima muda wote.

Usiku ule nilimpigia simu fundi wa Dar es Salaam. Nilimwamkia, tukaulizana hali, kisha nikamweleza kuhusu ile pete, bila kumlaumu, nikamuuliza kama aliwahi kuitazama kwenye pikapu ya daraja kabla ya kukata waya. Alikaa kimya kidogo.

“Mwanangu,” akasema, “ningeitazama vipi, na wewe ulishaniambia niiongezee nguvu?”